Machela ya Pili

Kosa lenyewe lilichukua dakika sita. Kuna watu huharibu mambo kwa miaka, kidogo kidogo, mpaka nyumba inaanguka na wao wenyewe wanashangaa. Pelagia Mahundi hakuhitaji muda wote huo. Dakika sita za Jumanne moja, mwanga ukiwa mzuri kupita kiasi, zilimtosha.

Saa kumi na moja na robo jioni wabeba machela wa Lukwale walipanda kutoka bondeni wakiwa na Bibi Felista. Walikuwa wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Maji ya mafuriko yalikuwa yamewafika kifuani njia nzima, na bibi wa watu amelala juu ya mianzi miwili na shuka la kaniki, akitetemeka kwa homa ya madimbwi. Mbele kushoto alikuwa Donati Kigawa, fundi baiskeli, mwanamume mwenye mdomo usiojua likizo.

"Bibi, usinitapikie tu," alikuwa akimwambia mgonjwa. "Shati nimeazima."

Bibi Felista, pamoja na homa yake yote, alicheka.

Pelagia alikuwa amesimama juu ya kichuguu pembeni mwa njia, kamera begani, akiwapiga picha. Alikuwa peke yake. Zamani kazi hii ilikuwa na watu watano: wa sauti, wa taa, wa kubeba masanduku, na mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila picha iliyopigwa na kupiga kelele mwenzake akisahau jambo. Siku hizi kampuni humtuma mtu mmoja na kamera moja yenye akili, ikasema yatosha. Hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu Lukwale, akitengeneza filamu ya watu wanane wasiolipwa hata senti, wanaoingia majini kila siku kuwatoa wagonjwa wa jirani zao. Alikuwa amewapenda. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani alikuwa na roho mbaya. Roho mbaya ingekuwa rahisi kuisimulia.

Walipompita, Donati alikanyaga dimbwi, tope likaruka, likatua katikati ya kioo cha kamera. Pelagia hakuona. Aliona baadaye, mgonjwa amekwisha kufikishwa zahanati na kutundikiwa dripu: picha nzima, toka bondeni hadi juu, ilikuwa na doa la tope lililomkalia Bibi Felista usoni.

"Ala!" alisema. Akaliangalia jua. Lilikuwa limebakiza nusu saa.

Wabebaji walikuwa wamekaa chini wakikamua nguo. Akawaendea.

"Jamani, samahani. Naomba turudie."

"Turudie nini?" Donati aliuliza.

"Kupanda. Kutoka pale kwenye mpera hadi hapa. Dakika chache tu, halafu nawaacha mkale."

"Na bibi je?"

"Bibi apumzike. Atalala mtu mwingine, nitamfunika khanga. Hakuna atakayejua."

Wote wakaitazama machela. Lukwale wana miiko yao kuhusu machela, na si mingi. Machela hairukwi. Machela haigeuzwi kiti. Na mzima halali juu ya machela, hata kwa utani, hata awe mtoto mchanga, kwa sababu machela ikishabeba mtu hudai ugonjwa wake. Isipoupata kwake, itaufuata kwa jirani. Ndivyo walivyolelewa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, maana hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kulala pale akiwa mzima.

"Dada Picha," Donati alisema, na mara hii hakutania, "hilo hapana. Tuombe lingine."

"Ndugu yangu, nisikilize. Watu wa huko mjini hawajui kama nyinyi mpo. Picha hii ndiyo ingewaonyesha. Mmepita majini saa mbili nzima, halafu iharibike kwa tope?"

Alisema vizuri. Alikuwa na kipaji cha kusema vizuri, na ndicho kilichomponza.

Hapo akatoka zahanati Mama Odilo, akifuta mikono. Jina lake Leokadia, mama wa miaka hamsini na minane, mhudumu wa afya wa kijiji na kiongozi wa wabebaji. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani.

"Huyu mtoto ametoka mbali kuja kututazama," alisema. "Sisi nani ametutazama tena? Nitalala mimi. Homa zote za bonde hili nimezipitia, sijui ipi itakayonitafuta sasa."

Wakacheka, ingawa Donati hakucheka sana. Mama Odilo akafanya ishara ya msalaba, akajilaza. Pelagia akamfunika khanga mpaka kichwani.

Ubavuni mwa kamera kulikuwa na taa ndogo ya kijani. Ikiwaka, muhuri uko wazi. Kuufunga muhuri huchukua dakika kumi, na kuufungua tena dakika kumi nyingine. Pelagia aliiona taa ile. Hakusahau, wala hakupitiwa. Aliiona, akaliangalia jua, akajiambia ni picha moja tu. Kisha akainua kamera.

Picha ilitoka nzuri ajabu.

*

Habari ya muhuri lazima niieleze, maana bila muhuri hapakuwa na kosa.

Miaka ya mafuriko makubwa ilipoanza, dawa ziligawiwa na watu, na watu, kama tujuavyo, wana ndugu. Kijiji chenye mjomba ghalani kilipata dawa za kumwaga. Kisicho na mjomba kilizika. Wananchi wakachoka, wakadai mashine isiyo na mjomba, wakapewa. Wakaiita Mgawo. Mgawo una ndege zake nyeupe zisizo na rubani, zenye miguu mirefu ya kutulia kwenye matope, na watu wa bondeni huziita korongo. Kwa kuwa dawa ya homa ya madimbwi ni adimu, bonde zima hupata korongo mmoja kwa siku, naye hutua penye wagonjwa wengi.

Lakini mashine isiyo na mjomba haina pia sikio. Haisikii barua, haisikii simu ya mwenyekiti wa kijiji, haisikii kilio. Maneno ya mdomo huyaandika pembeni na kuyaita uvumi, na huyafuata tu pale yanapotangulia na hesabu zikalingana. Inachoamini ni jicho la kamera yenye muhuri, mikononi mwa shahidi aliyekula kiapo. Kilichopita mbele ya muhuri kimetokea. Machela ikipanda mlima mara mbili ina mtu juu yake, basi wagonjwa wawili wamepanda mlima.

Pelagia alikuwa shahidi. Kiapo chake kilikuwa na mistari mitatu, na wa pili ulisema hivi: *Sitaigiza mbele ya muhuri.*

*

Jumatano asubuhi korongo alitua nyuma ya zahanati. Mama Odilo akafungua kifua cha korongo huyo, akakuta vichupa viwili ndani ya barafu.

"Viwili!" alisema. Akahesabu tena, kana kwamba mtu anaweza kukosea kuhesabu viwili. "Dozi ni kichupa kimoja kwa mtu mmoja. Mimi nina Bibi Felista peke yake. Cha pili cha nani?"

Pelagia alikuwa mlangoni, kamera begani.

"Labda ni akiba," alisema.

"Mgawo hautoi akiba, mwanangu. Haujawahi hata siku moja." Mama Odilo aliivuta dawa ya kichupa cha kwanza kwenye sindano ya Bibi Felista, na cha pili akakirudisha kwenye barafu kwa mikono miwili. "Hapana. Mashine imemwona mgonjwa ambaye mimi sijamwona. Yupo hapa Lukwale, kajilaza nyumbani kwake, na mimi sina habari. Aibu gani hii!"

Akachukua mkoba wake, akatoka kumtafuta.

Pelagia alibaki nyuma, akafungua kioo cha ujumbe cha kamera. Maandishi yalikuwa yanamsubiri.

*Lukwale: wagonjwa 2. Kipeta: mgonjwa 1, taarifa ya mdomo, haijathibitishwa. Shahidi, je, hesabu ya Lukwale ni sahihi? Usipojibu kabla ya saa kumi na mbili jioni, itachukuliwa kuwa ni sahihi.*

Kipeta kiko ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa tatu majini. Mnara wao wa simu ulilala na mafuriko ya mwezi wa tatu, na Kipeta hakukuwa na kamera.

Angejibu *hapana*, basi muhuri wake ungekuwa umesema uongo, na adhabu ya muhuri mwongo ni moja tu: kila alichokishuhudia kinafutwa. Lukwale kingerudi sifuri, kama kijiji kisicho na mgonjwa hata mmoja, mpaka aletwe shahidi mwingine. Huenda ingekuwa siku arobaini. Na leseni yake ingekwenda. Baadaye alipowasimulia watu, alitaja Lukwale kwanza na leseni mwisho. Lakini sisi tuseme ukweli: kichwani mwake leseni ndiyo iliyotangulia.

Hakujibu kitu. Alifunga kioo, akamfuata Mama Odilo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupiga picha.

Na akapiga. Siku nzima, nyumba kwa nyumba, nyumba arobaini na moja. Mama Odilo alibisha hodi, akasalimia, akaweka kiganja kwenye paji la kila uso. "Umelala vizuri? Mkojo je? Kichwa hakigongi?" Waliokuwa shamba aliwafuata shambani. Mzee mmoja alimfukuza akidai yeye ana miaka themanini na haumwi isipokuwa na wakwe zake. Mama Odilo alicheka, akaandika jina lake, akaendelea. Alikuwa anamtafuta mgonjwa wa pili wa Lukwale, na Pelagia, aliyekuwa hatua tatu nyuma yake, alikuwa anamtazama mgonjwa huyohuyo mgongoni.

Saa kumi hivi walipumzika kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho. Mama Odilo alimgeukia ghafla, akanyoosha mkono, akamgusa paji.

"Isije ikawa ni wewe," alisema. "Upo peke yako mle chumbani, unajipikia, unajilalia. Ukiugua nani atajua? Mbona umelowa jasho hivi?"

"Ni jua, mama."

"Uniambie ukijisikia vibaya. Kichupa chako kipo. Usinifiche, mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Pelagia aliitikia kwa kichwa. Maneno yalikuwa yamefika kooni. Yalikuwa machache tu, *mgonjwa wa pili ni wewe, mama*, akayameza. Saa kumi na mbili jioni kioo cha kamera kilitoa mlio mdogo, na swali likajifunga lenyewe.

*

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mtu aliyelowa hadi shingoni alitokea bondeni. Alikuwa Fidelis wa Kipeta, fundi seremala. Aliwakuta wabebaji uwanjani pa zahanati, Donati ameinamia gurudumu la baiskeli ya mtu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu! Leo umeoga mapema," Donati alisema, kisha akamtazama vizuri, spana ikamdondoka.

"Donati, ndugu yangu, kaa chini."

"Nimekaa. Sema."

"Salome hatunaye. Alfajiri ya leo."

Salome alikuwa mdogo wake Donati, aliyeolewa Kipeta, mwenye bustani ya miche ya miembe na malimau. Ndugu wawili tu waliobaki wa tumbo moja. Donati hakulia papo hapo. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei.

"Aliugua lini?"

"Jumatatu. Mwenyekiti alikwenda hadi kwenye kilima, akapata mtandao, akatoa taarifa siku hiyohiyo."

"Korongo hakuja?"

"Hakuja. Tulikesha tunaangalia juu. Jana mwenyekiti akapanda tena, akaambiwa amekwenda penye wagonjwa wengi."

"Wapi huko penye wengi?"

Fidelis alitazama miguu yake. "Kwenu."

Hapo ndipo Mama Odilo alipokaa chini, palepale kwenye udongo, miguu imenyooka mbele yake.

"Ni mimi," alisema. "Donati, baba, ni mimi. Nililala pale nikiwa mzima. Machela imedai, imekosa kwangu, ikaenda kwa jirani."

Hakuna aliyembishia. Mmoja wa wabebaji wa nyuma alianza kulia kwa sauti. Mama Odilo alifungua kitambaa chekundu alichokifunga mkononi, kitambaa cha wabebaji, akakiweka juu ya machela iliyokuwa imeegemezwa ukutani. "Sitamshika mgonjwa tena," alisema. Na wengine wawili, mmoja baada ya mwenzake, wakafungua vyao.

Pelagia alikuwa kando ya mlango. Kwa mara ya kwanza tangu afike Lukwale hakuwa ameinua kamera. Akaelewa kwamba mwiko ule umempa mahali pa kujificha, tena mahali pazuri. Asiseme kitu tu. Wataisema machela mpaka vitukuu, filamu itakwisha vizuri, na jina lake halitatajwa popote. Loo, binadamu! Kwa kitambo aliyapima hayo kwa utulivu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na hicho kitambo ndicho ambacho hadi leo hawezi kujisamehe.

"Kuna jingine," Fidelis alisema. "Kastori, mumewe Salome. Homa imemwanza jana jioni. Nimesikia hapa mna dawa."

Donati aligeuka. "Mama Odilo. Kichupa cha pili."

"Kile si changu, baba. Kina mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Umezunguka kijiji kizima!"

"Sijamwona, lakini yupo. Mashine imemwona kwa muhuri, na muhuri haudanganyi." Mama Odilo alikuwa analia sasa, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. "Nikimpa Kastori, na kesho huyu wetu akaanguka bila dawa, si nitakuwa nimeua wawili? Donati, usinifanye niue wawili."

"Kichupa kinaharibika lini?"

"Siku mbili kwenye barafu. Kesho saa nne asubuhi."

"Basi tutakaa hapa kukilinda mpaka kioze?"

Mama Odilo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na Pelagia aliona kwamba kweli angekilinda. Kwa wema wake wote na kwa akili yake yote, angekaa pale akimsubiri mgonjwa ambaye hakuwepo, na Kastori angekufa.

"Mpeni," Pelagia alisema.

Wakamgeukia.

"Mpeni Kastori. Hakuna mgonjwa wa pili. Mgonjwa wa pili ni wewe, Mama Odilo, ulipolala kwenye machela. Muhuri ulikuwa wazi. Nilipaswa kuufunga kabla ya kurudia, na sikuufunga, nilikuwa nawahi jua. Mashine iliona machela mbili. Ndiyo maana vichupa viwili. Ndiyo maana Kipeta wakakosa."

"Ulijua lini?" Donati aliuliza.

"Jana asubuhi. Korongo alipotua."

"Jana asubuhi."

"Ndiyo."

"Salome alikuwa hai jana asubuhi. Kutoka hapa ni saa tatu." Alisimama. "Mimi ningekimbia. Ningefika kwa saa mbili na nusu."

Safari hii Pelagia hakujaribu kusema vizuri.

Mama Odilo aliinuka kwa shida. Alimkaribia Pelagia, na Pelagia akadhani atapigwa, akatamani apigwe. Lakini mama yule alimtazama tu.

"Nilikugusa paji," alisema. "Siku nzima nimegusa watu paji, na wewe unanipiga picha."

Akaingia ndani, akatoka na sanduku la barafu, akamkabidhi Fidelis. "Nenda. Usimwage barafu. Msindikize, Donati, kazike. Sisi tutakufuata."

Donati hakuondoka. "Na mashine inasemaje? Dada yangu yuko wapi kwenye hesabu yake?"

"Hayupo," Pelagia alisema. "Kipeta kimeandikwa uvumi."

"Kwa hiyo korongo anayefuata?"

"Atakuja huku. Penye wawili."

"Iambie."

"Nikiiambia inafuta kila nilichokishuhudia. Lukwale inakuwa sifuri. Siku arobaini, labda zaidi, hamtamwona korongo. Mtu akiugua..."

"Tutambeba," Mama Odilo alisema. "Hospitali ya misheni ni siku moja kwa mguu. Tulikuwa tunabeba kabla ya korongo hajatotolewa. Iambie, Pelagia." Hakusema *mwanangu*.

Mgawo hauna sikio, nimekwisha kusema. Hauamini maneno wala maandishi, hata ya shahidi mwenyewe baada ya swali kujifunga. Swali hilo hufunguliwa tena kwa jicho tu: ilibidi Pelagia asimame mbele ya muhuri wake mwenyewe. Miaka kumi na mmoja ya kazi hii hajawahi kusimama upande ule wa kamera, na sasa hakuwa na wa kumshikia.

"Nipe," Donati alisema.

Akamwonyesha pa kushika, pa kutazamia, kitufe cha kubonyeza. Vidole vya Donati vilikuwa na grisi, vikaacha alama kwenye kifuniko. Akaiweka begani. Taa ya kijani ikawaka.

"Naitwa Pelagia Mahundi," alianza, "shahidi wa Lukwale. Siku ya Jumanne, kutokana na hali ya mwanga, tulilazimika kurudia..." Akasita. Alisikia mwenyewe jinsi ilivyopambwa. *Tulilazimika.* Nani alilazimika? Akafuta uso kwa mkono. "Nimekosea. Samahani, naomba nirudie."

Kamera haikushuka. Nyuma yake Donati alikuwa analia sasa, mabega yakimtikisika, ila kamera aliishika imara.

"Hakuna kurudia, Dada Picha," alisema. "Endelea hapohapo."

Akaendelea hapohapo. Alisema *nilitaka*, akasema *niliiona taa*, akasema *nilijua, nikanyamaza*. Alisema jina la Salome Kigawa, wa Kipeta, mgonjwa tangu Jumatatu, aliyefariki Alhamisi. Alisema jina la Kastori. Alipomaliza, taa ya kijani ilipepesa mara mbili, ikazima. Haikuwaka tena.

Donati aliishusha kamera, akaiweka chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akaingia bondeni nyuma ya Fidelis, hakugeuka.

*

Ijumaa adhuhuri korongo alipita juu ya Lukwale. Watoto walimkimbilia kama kawaida yao, wakipunga mikono, lakini hakushuka. Alikwenda moja kwa moja kuelekea Kipeta, mweupe, hadi akapotea. Mama Odilo, aliyerudi mazikoni asubuhi hiyo, alimtazama mpaka mwisho. Kastori alikuwa amepata sindano, alisema; homa ilikuwa haijashuka, na hakuna aliyejua kama atapona.

Pelagia alikuwa anafunga mzigo wake. Hakuwa na ruhusa ya kupiga picha tena, na gari la kampuni lingemsubiri barabara kuu Jumapili. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemletea chakula pia.

Saa nane ikapigwa mbinja bondeni, mara tatu: mgonjwa. Mama Odilo alitoka zahanati, akasimama mbele ya machela. Vitambaa vyekundu vilikuwa bado pale juu. Akachukua chake, akajifunga mkononi, akakaza fundo kwa meno. Wawili wengine wakamfuata. Wakawa watatu, maana Donati alikuwa msibani, na wale wengine walikuwa huko pamoja naye.

Machela hubebwa na wanne.

Mama Odilo alitazama huku na huko uwanjani. Macho yake yakaishia kwa Pelagia.

"Mbele kushoto hapana mtu," alisema.

Mgonjwa alikuwa kijana mnene wa kupasua mbao, aliyekuwa akiomba radhi kwa uzito wake. Maji yalimfika Pelagia shingoni pale yalipowafika wenzake kifuani. Mwanzi ulimkaa begani palepale pa kamera, ukamchubua, akashukuru kwamba unauma. Hakuna aliyesema naye isipokuwa kwa amri: shusha, inua, taratibu, kulia kuna shimo.

Walianza kupanda kutoka kwenye mpera. Sasa njia aliiona kwa mara ya kwanza kama wanavyoiona wabebaji, yaani kwa miguu, macho chini, ukitafuta pa kukanyaga. Njia yote ilikuwa tope. Walipofika kwenye lile dimbwi mwenzake wa kulia alimwambia, "Kushoto, panda juu ya kichuguu, hapo pakavu. Ndipo tunapopitaga siku zote."

Pelagia alipanda juu ya kichuguu. Palikuwa pakavu, pana upana wa miguu miwili, na udongo ulikuwa bado na alama za viatu vyake mwenyewe, vilivyosimama pale Jumanne jioni.